Rafiki Ndani ya Pipa

"Mjomba, usiogope kufa. Diddy yupo."

Maneno haya aliniambia mpwa wangu, mtoto wa miaka 9, jioni moja tulipokuwa tumekaa barazani baada ya sala ya alasiri. Jamaa zake walikuwa wamempa kifaa kidogo cha mkononi cha kuchezea michezo ya skrini, kilichokwishapita mikono mingi kabla ya kumfikia yeye, naye siku hiyo aliniona nimekaa bure akaamua kunisomesha. Mimi ni mtu wa vitabu na kamusi. Vidole vyangu vimezoea kalamu. Nilimwendesha sokwe wake hatua mbili tatu, nikamfikisha mbele ya mamba aliyekuwa akija mbio, nikasita. Ndipo mtoto akanituliza kwa maneno hayo.

Yeye alikusudia jambo dogo, la kunitoa hofu tu. Lakini maneno yale nilikwenda nayo nyumbani, nikalala nayo, na hadi leo sijaweza kuyatua. Ndani yake mna swali ambalo wanadamu wamelizungumza tangu kale: rafiki ni nani kwetu? Je, ni mtu tunayempenda kwa ajili ya nafsi yake, au ni akiba tuliyojiwekea ili pigo likija tusiishe?

Najua wapo wasomaji wa kurasa hizi watakaouliza mchezo wa watoto umeingiaje katika baraza ya washairi. Jawabu yangu ni fupi. Wazee wetu walifunza hekima kwa kima, papa, sungura na punda, wala hakuna aliyewaambia kwamba hayo ni mambo ya kitoto. Wanyama wakibadilisha makazi, wakatoka kinywani mwa bibi wakaingia katika kioo cha mashine, hatuna budi kuwafuata huko tukasikilize wanasema nini.

Kwanza niueleze mchezo wenyewe kwa wale ambao, kama mimi, hawakukulia nao. Unaitwa Donkey Kong Country. Ulitoka mwezi wa Novemba 1994, na uliundwa na kampuni ya Rare ya Uingereza, iliyoasisiwa na ndugu wawili, Tim na Chris Stamper, kwa ajili ya mashine ya Super Nintendo ya kampuni ya Nintendo ya Japani. Picha zake zilichorwa kwanza kwa kompyuta kubwa za Silicon Graphics, zikapewa unene, mwanga na kivuli, kisha zikageuzwa kuwa picha bapa zilizoweza kuingia katika mashine ndogo ya nyumbani. Watu wa zama zile walistaajabu kuona manyoya ya sokwe yanang'aa na mvua inanyesha msituni. Ziliuzwa nakala zaidi ya milioni 9. Mwaka 2003 mchezo ulitolewa upya kwa ajili ya kifaa cha mkononi kiitwacho Game Boy Advance, na kwa njia hiyo ukasafiri hadi ukafika barazani kwetu.

Ni mchezo wa aina ile ambayo shujaa huonekana kwa ubavu, akitoka kushoto kwenda kulia, na nchi ikijifunua mbele yake kama mkeka unaokunjuliwa. Huruka mashimo, hurukia kamba, huingia mapangoni, na mara nyingine huzama baharini akaogelea kati ya matumbawe huku ukipigwa muziki wa taratibu, kazi ya mtunzi David Wise, ambao hata sikio langu la kizee liliupenda. Mashujaa ni wawili. Wa kwanza ni Donkey Kong, sokwe mkubwa aliyevaa tai nyekundu. Wa pili ni Diddy Kong, kima mdogo mwenye kofia nyekundu. Ghala lao la ndizi limeporwa na jeshi la mamba chini ya mfalme wao, King K. Rool. Usiku wa wizi kulikuwa na dhoruba, na Diddy ndiye aliyeachiwa zamu ya kulinda. Mamba wakamzidi nguvu, wakamtia ndani ya pipa, wakalitupa kichakani. Basi wawili hawa hutoka kwenda kuzitafuta ndizi zao, na njiani husaidiwa na wanyama wengine: kifaru, mbuni, chura, kasuku, na huko baharini nduwaro mwenye mdomo kama upanga.

Sasa itazameni kanuni yake, maana hapo ndipo penye mazungumzo yetu. Katika michezo mingi shujaa hupewa kipimo cha uhai, labda mioyo kadhaa au mstari unaopungua kila anapopigwa. Hapa hakuna kipimo cha namna hiyo. Uhai wa shujaa ni mwenziwe. Wawili huenda pamoja, mmoja mbele na mmoja nyuma. Adui akimgusa wa mbele, huyo hutoweka, na aliyebaki huendelea peke yake. Naye akiguswa kabla ya kumpata mwenziwe, basi pumzi imekatika na safari huanza upya. Ili kumrejesha aliyepotea, hutafutwa pipa lenye herufi mbili, DK, likavunjwa. Rafiki hutoka humo mzima, wakaendelea.

Waliobuni mchezo hawakuwafanya wawili hao kuwa sawa. Sokwe ni mzito na ana nguvu. Kuna mamba mwenye kofia ya chuma ambaye kima akimrukia haumii, lakini sokwe akimrukia humwangusha. Kima ni mwepesi na ana mbio zaidi. Hata ubebaji wao wa pipa ni mbali mbali: sokwe hulibeba juu ya kichwa, kima hulishika mbele ya kifua, likawa ngao yake. Mchezaji hujifunza upesi kwamba hapa anamhitaji huyu na pale anamhitaji yule, akawabadilisha kwa kubonyeza kitufe kimoja. Ndiyo maana mpwa wangu akasema nisiogope. Rafiki yupo, kwa hivyo pigo moja halitatumaliza.

Hebu tulishike swali lenyewe. Mchezaji anapolivunja lile pipa, anamwokoa nani? Kwa macho anamwokoa mwenziwe aliyefungwa. Kwa kweli anajiongezea uhai. Pipa lingekuwa na ndizi zenye faida ileile, angelivunja kwa furaha ileile. Basi huko ni kuokoa, au ni kuweka akiba?

Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani aliyeishi karne ya nne kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, aliugawa urafiki mafungu matatu. Upo urafiki wa manufaa, upo urafiki wa raha, na upo urafiki wa wema, ambao mtu humtakia mwenziwe heri kwa ajili ya yule mwenziwe mwenyewe. Alisema kwamba urafiki wa manufaa hufa manufaa yanapokwisha, kwa kuwa watu wale hawakupendana wao kwa wao, walipenda faida iliyokuwa kati yao. Kwa mizani hiyo, sokwe na kima wanaelekea kuwa katika fungu la kwanza, lile la chini.

Nasi watu wa pwani tunayo mizani yetu, nayo ni ya zamani. Edward Steere alichapisha London, mwaka 1870, hadithi alizozikusanya Unguja, na miongoni mwazo imo ile ya kima na papa. Kima alikaa katika mti uliotupa matawi yake juu ya bahari, akila matunda na kumrushia papa. Urafiki ukakua. Siku moja papa akamwalika kima kwao, akambeba mgongoni. Walipofika mbali na pwani ndipo akamwambia kwamba sultani wa huko ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu kuwa kima hawatembei na mioyo yao, huiacha mitini. Na papa akamrejesha akauchukue. Hadithi hii ina nasaba ndefu. Imo katika Kalila wa Dimna, aliyoitia katika Kiarabu Ibn al-Muqaffa katika karne ya nane, na humo papa ni kasa. Imo katika Panchatantra ya Wahindi, na huko papa ni mamba. Mnyama wa majini hubadilika kila hadithi inapovuka bahari. Kima habadiliki, na usaliti haubadiliki.

Kinachonishika katika hadithi ile ni kwamba papa hakuwa mwongo tangu mwanzo. Matunda aliyala kwa furaha, na huenda mazungumzo aliyapenda. Urafiki wake ulikuwa wa kweli mpaka siku haja ilipotokea, na haja ilipotokea akamtazama rafiki yake akauona moyo tu, dawa inayotembea. Na kima, alipokwisha kurudi mtini, alikataa kushuka, akamtolea papa kisa cha punda wa dobi: punda aliyekwisha kuponea chupuchupu mbele ya simba, akabembelezwa akarudi, akauawa. Punda yule, kisa kinasema, hakuwa na moyo wala masikio. Angekuwa navyo, asingerudi. Na nikumbushe, kwa kuwa mimi ni mfasiri na majina hunichekesha, kwamba sokwe wetu wa skrini naye amepewa jina la punda. Mbunifu wake wa Kijapani, Shigeru Miyamoto, alilichagua neno hilo la Kiingereza mwaka 1981 akitaka kuonyesha ukaidi na ujinga wa mnyama yule. Kima na punda wamekutana tena, safari hii upande mmoja.

Hadi hapa ingekuwa rahisi kwangu kuhukumu. Ningesema mchezo huu unawafunza watoto kumtumia rafiki, kisha nikafunga makala kwa onyo. Lakini sina ruhusa ya kuhukumu, na sababu yake ni jambo lililo ndani ya mchezo wenyewe.

Humo mna kibanda, na ndani ya kibanda mna mzee anayeitwa Cranky Kong. Ana ndevu nyeupe na bakora. Huyu, kwa mujibu wa mchezo, ndiye yule sokwe wa mwaka 1981, nyota wa mchezo wa kwanza, aliyerusha mapipa kutoka juu ya jengo. Amezeeka, na kazi yake sasa ni kunung'unika kwamba zama zake mambo yalikuwa bora, na kati ya manung'uniko hayo kutoa dokezo la njia na siri. Hakuna kinachomlazimisha mchezaji kuingia kibandani. Nilimwuliza mpwa wangu huingia lini. Akanijibu bila kufikiri: "Nikikwama."

Hapo nilinyamaza, kwa kuwa na mimi nilikuwa na mzee wa namna hiyo.

Sikusoma sana shuleni. Lugha ninazozifasiri nilijifunza mwenyewe, kwa kamusi chakavu na kwa kuuliza watu. Kwa miaka mingi nilikuwa na mtu wa kumuuliza, mzee mmoja aliyekuwa baharia ujanani mwake kisha akawa mtunzi wa mashairi, nasi sote tulimwita Maalim. Kutoka kwangu hadi kwake ni mwendo wa dakika 20 kwa miguu. Wakati nilipokuwa nikifasiri kitabu kimoja cha safari za baharini, nilikuwa nikienda kwake kila Ijumaa na karatasi yenye maneno yaliyonishinda. Foromali nilielezwa na yeye, na demani, na kwenda joshi. Kamusi zilinipa maana. Yeye alinipa sauti ya tanga linapojaa. Nilikuwa nikibisha hodi, nikimwamkia, nikinywa kahawa yake, nikijaza karatasi yangu, nikiondoka. Nilijihesabu rafiki yake, na nadhani naye alinihesabu hivyo.

Kitabu kikaisha. Sikugombana na Maalim wala sikumsahau. Nilimtaja katika mazungumzo, nilimsifu mbele za watu. Ila Ijumaa ya kwanza sikuwa na neno la kuuliza, sikwenda. Na ya pili hivyo hivyo. Ikapita miezi minane. Kisha nikasikia msikitini kwamba macho yake yamekwisha, na kwamba yamekwisha tangu kipupwe.

Nilikwenda siku ileile. Alinijua kwa sauti. Nilimwamkia, akaitikia, akanyosha mkono kunitafuta, na neno lake la kwanza baada ya salamu lilikuwa hili: "Haya, mwanangu, umekwama neno gani?"

Hakunisuta. Lau angenisuta ningepata pa kujitetea. Aliuliza kwa ukarimu, kama mtu anayefungua mlango anaojua umebishwa kwa nini. Miaka yote ile nilidhani naingia kwake kama rafiki, na yeye alikuwa amekwisha kuelewa kwamba mimi huja nikikwama.

Nikamwambia: "Sikukwama, Maalim. Nimekuja kukutazama."

Akanyamaza kitambo. Nilidhani maneno yangu yatamfurahisha. Badala yake uso wake uliingia huzuni, akasema: "Basi nitafutie hata moja."

Hapa, wasomaji wangu, ndipo nilipojua kwamba swali langu la mwanzo nilikuwa nimeliuliza vibaya. Nilidhani pana njia mbili, ya kumpenda mtu na ya kumhitaji, na kwamba rafiki safi ni yule asiyehitaji kitu. Kumbe Maalim hakutaka kutazamwa kama mgonjwa anavyotazamwa. Alitaka kuhitajiwa. Macho yalikuwa yamekwisha, lakini yale maneno yaliyokuwa ndani yake hayakuwa yamekwisha, na mtu kuyajia maneno yale ilikuwa ndiyo heshima iliyombakia. Urafiki uliosafishwa kila haja nao una dharau yake. Unamwambia mwenzako: nakupenda, lakini huna cha kunipa.

Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, aliandika mwaka 1785 kwamba tusimfanye mtu kuwa njia tu ya kufikia makusudio yetu. Wengi huikariri kauli hiyo wakaliacha neno lake dogo kuliko yote, nalo ndilo lenye uzito: tu. Hakusema tusitumiane. Mkulima na mvuvi wanatumiana, mwalimu na mwanafunzi wanatumiana, mume na mke wanatumiana. Kosa liko katika lile "tu". Papa hakukosa kwa kula matunda ya kima. Alikosa pale kima alipogeuka machoni pake kuwa moyo tu, bila kima.

Na kosa langu mimi lilikuwa wapi? Halikuwa katika kumuuliza Maalim maneno. Lilikuwa katika ile miezi minane. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake cha Ihya anapozungumzia haki za udugu, anataja kwamba miongoni mwake ni kumkidhia nduguyo haja yake kabla hajaomba. Kabla hajaomba! Maana yake ni kwamba lazima uwe karibu kiasi cha kuiona haja ikija. Mtu anayefika akikwama yeye hawezi kuona mwenziwe alivyokwama. Siku Maalim alipoanza kupapasa ukuta wa nyumba yake, mimi nilikuwa nyumbani kwangu, sina neno lililonishinda.

Sasa nirudi kwenye pipa, kwa kuwa nafikiri hapo mchezo unasema uongo mmoja mkubwa, na uongo huo ndio tunaoishi nao. Rafiki anapotoweka, mchezo hautuonyeshi anafanya nini. Haulii, haukohoi, hauzeeki ndani ya lile pipa. Mchezaji anaweza kupita hatua nzima peke yake, akacheza vizuri, akalala, akarudi kesho. Siku atakapolivunja pipa, Diddy atatoka na kofia yake ileile na mbio zake zilezile. Pipa humhifadhi. Na sisi tumezoea kuwaweka watu wetu hivyo hivyo: mwalimu wa zamani, shangazi aliye kijijini, jirani tuliyehama tukamwacha, mzee anayejua tenzi ambazo hazikuandikwa. Tunaamini wako palepale, salama, hawabadiliki, wakingoja siku tutakayokuwa na haja. Tunasema moyoni, Diddy yupo. Lakini pipa la maisha halihifadhi kitu. Aliye ndani yake anazeeka sawa na aliye nje, na mara nyingine upesi zaidi, kwa kiza.

Jambo hili linatuhusu sana sisi tunaopenda mashairi. Ni mara ngapi tumekwenda kwa bibi au babu na kinasa sauti, tukachukua beti, tukachukua maana za maneno magumu, tukapiga picha, na kitabu kikaisha tusirudi tena? Tukisikia amefariki tunaandika kwamba maktaba imeungua, na tunasikitikia vitabu. Nani alimsikitikia mtu?

Haki ya mchezo nayo niitoe. Mwaka uliofuata, 1995, Rare walitoa wa pili, ulioitwa Diddy's Kong Quest. Humo sokwe ametekwa na mamba, ambao sasa ni maharamia. Mfalme wao anadai fidia, nayo ni ghala zima la ndizi, zile zilizopiganiwa katika mchezo wa kwanza. Diddy hatoi ndizi na haachi rafiki. Anaondoka kwenda kumtafuta, pamoja na Dixie, kima wa kike mwenye nywele ndefu zilizofungwa nyuma. Karibu safari ile yote Donkey Kong hana msaada wowote. Mchezaji hawezi kumwendesha. Hapokei pigo kwa niaba ya mtu wala hamwangushi mamba mwenye kofia ya chuma. Amefungwa kamba, na thamani yake pekee ni kwamba yeye ni yeye. Na tazameni pia wale wawili wanaomfuata: humo mmoja aweza kumpanda mwenziwe mabegani kisha akarushwa juu, afike mahali ambapo peke yake asingefika. Kuhitajiana kumebaki, lakini kumewekwa chini ya kitu kikubwa zaidi, nacho ni kumwendea asiyeweza kukufaa.

Nilirudi kwa Maalim Ijumaa iliyofuata, na karatasi. Nilimuuliza habari ya foromali, neno ninalolijua kama ninavyolijua jina langu. Alijua kwamba nalijua. Akanieleza kwa nusu saa, na katikati ya maelezo akanihadithia usiku wake wa kwanza chomboni, akiwa mtoto, jinsi alivyolala chini ya tanga lililokunjwa akilia kimya kimya kwa ajili ya mama yake, na baharia mmoja akaja akalala karibu naye bila kusema neno. Katika miaka yote ya karatasi zangu hakuwahi kunipa hadithi ile. Sikuwa nimeacha nafasi ya kuipata. Tulikuwa na Ijumaa chache baada ya hapo. Mwaka uliofuata Mwenyezi Mungu alimchukua, amrehemu.

Kwa kuwa mimi ni mtunzi kabla ya kuwa mwandishi wa makala, niruhusuni ubeti mmoja, nilioutunga njiani nikitoka mazikoni:

Rafiki si ngao yako, ya kukingia mishale,
Wala si kapu la soko, la kutilia mchele,
Mwendee pasi mwaliko, angali mzima tele,
Pipa halimweki vile, limwekavyo mchezoni.

Juzi mpwa wangu alikuja tena na kifaa chake. Alikuwa akicheza na Diddy peke yake, sokwe amempoteza nyuma. Alikuwa amekwisha kufika karibu na mlango wa kutokea. Hatua mbili tu, na ile sehemu ingekwisha kwa salama. Akasimama. Akageuka, akarudi kushoto, akapita tena juu ya mashimo aliyokwisha kuyapita, hadi mahali alipokumbuka kuliona pipa. Akalivunja. Sokwe akatoka, na wote wawili wakaelekea mlangoni.

Yawezekana alifanya hivyo kwa hesabu, kwa kuwa anayemaliza hatua peke yake huianza inayofuata peke yake. Yawezekana hakupiga hesabu yoyote. Sikumuuliza. Nilimwambia tu avae viatu, tukamtazame bibi yake wa upande wa baba, ambaye hatujafika kwake tangu Idi.

"Ana nini bibi?" akauliza.

"Hana kitu," nikamjibu. "Twende."